Kioo cha pembeni kinatetemeka

Swali: Kioo cha pembeni cha gari langu, upande wa dereva, hutetemeka nikiongeza mwendo, hata pikipiki za nyuma sizioni vizuri. Nifanyeje?

Jibu: Zima gari, ubonyeze kioo taratibu kwa kidole. Kikicheza chenyewe ndani ya kasha, vishikizo vya nyuma yake vimelegea au vimevunjika; kibadilishwe pamoja na kibao chake. Likicheza kasha zima, kwenye magari mengi utabandua kifuniko cha plastiki cha pembetatu ndani ya mlango na kukaza nati zake, bila kulazimisha, maana plastiki hupasuka. Kikitetemeka hata gari likiwa limesimama linanguruma, fundi akague kwanza maunti za injini. Gundi uikatae: itakizuia kioo kurekebishwa. Tafadhali, usibadilishe njia kwenye barabara kuu kwa kukitegemea kioo hicho kabla hakijatengenezwa.