Mama yuko Saudia, mtoto yuko kwa nyanya

 Somo letu safari hii ni la nyumba zetu wenyewe. Hebu tazamaneni hapo mlipokaa. Ni wangapi kati yenu wana binti, dada au mke wa mwana aliye Saudia, Qatar, Dubai au Oman? Na ni wangapi wanalala na mtoto wake kitanda kimoja? Nimeuliza swali hili katika vikundi vingi, na bado sijafika mahali ambapo hakuna mkono ulioinuka.

Somo hili halisemi mtu asiende. Karo ni karo, na mahindi yakikauka shambani miaka miwili mfululizo hakuna wa kumwambia mama kijana akae nyumbani. Wala somo si la mawakala. Juu ya hao niseme moja tu: kabla ya kutoa hata shilingi, ulizeni Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kama wakala ana leseni. Mwaka 2014 serikali ilifuta leseni za mawakala 930 kwa mpigo mmoja, kwa hivyo msidhani matapeli ni wachache. Sisi leo tunamzungumzia yule anayebaki, yaani mtoto wa chini ya miaka 6.

Katibu asome kwa sauti. Kwanza watu wawili waigize kisa hiki. Nimekitunga, lakini mtakitambua.

(Ni usiku. Nyanya amempakata mtoto wa miaka 3. Jirani anaingia na taa.)

JIRANI: Hodi, Mama. Nimesikia mtoto analia tangu magharibi.

NYANYA: Karibu mwanangu. Hebu mguse. Mwili moto, na uji ameutapika wote.

JIRANI: Huyu ni wa hospitali sasa hivi, Mama. Si wa kungoja kuche.

NYANYA: Niende na nini? Pesa hutumwa kwa mjomba wake, naye yuko Mtwapa. Nimempigia, simu imezimwa. Mamake hupatikana Ijumaa tu, na leo ni Jumatatu.

JIRANI: Kitabu cha kliniki kiko wapi?

NYANYA: Kiko kwenye sanduku la mamake, na funguo sina. Na huko wakiniuliza mimi ni nani wake, nitasema nini? Akipata jambo, nitaambiwa nimeua mtoto wa mwenyewe.

(Kimya.)

Simameni hapo mzungumze. Mmeona nini? Jambo hili limewahi kutokea kwetu? Ni nani angeweza kulizuia, na lini? Mwenyekiti asiwe na haraka, awaache hata wale wasiosema mikutanoni waseme.

Ninajua mtakavyoanza. Vikundi karibu vyote huanza kwa kumlaumu mama: kakimbilia riyali, kaacha mtoto. Katika kikundi kimoja cha upande wa Gongoni, lawama zilikuwa zimefika juu kabisa, mama mmoja mzee akauliza kwa sauti ndogo, "Na baba wa huyo mtoto, yeye kaenda nchi gani?" Watu wakacheka, kisha wakanyamaza. Ni swali la haki. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inasema mtoto ana haki ya kutunzwa na baba na mama sawasawa, wawe wameoana au hawakuoana. Kama baba yuko hapa Kilifi, hata kama anaendesha bodaboda na hana kitu, basi yeye ndiye mzazi aliyebaki. Aitwe kwenye kikao.

Sasa turudi kwa homa ya yule mtoto. Pwani yetu ina malaria, na mtoto wa chini ya miaka 5 mwenye homa anatakiwa kupimwa siku hiyo hiyo, asingoje Ijumaa. Mimi mwenyewe niliwahi kuitwa alfajiri, nikampakia mtoto wa namna hii kwenye pikipiki nikiwa nimeshikana na nyanyake. Alipona, ashukuriwe Mungu, lakini tulipofika alikuwa ameshaanza degedege. Pesa zilikuwapo. Mama yake alikuwa ametuma siku 9 kabla. Zilikuwa kwenye simu ya mtu mwingine, zikingoja fundi wa mabati.

Ndiyo maana nasema malezi ya mtoto yapangwe kabla ya pasipoti kutoka. Familia ikae chini: anayesafiri, baba kama yupo, nyanya na babu, mjomba au shangazi mmoja, na shahidi kutoka kikundini. Swali la kwanza la kikao hicho ni nani atakuwa mwenye neno juu ya mtoto, yaani nani anaweza kuamka usiku akasema "twende" bila kumpigia mtu simu. Awe mmoja, na wa pili wa kushika nafasi yake akiumwa. Hawe mwenye miaka 70 na magoti mabovu hawezi kumkimbiza mtoto peke yake. Tumtwike mzigo kwa sababu tu hakukataa? Aulizwe kwa kweli kama anataka, na akisema hawezi, asionekane mbaya.

Kisha iandikwe barua. Mama anaandika kwamba amemwacha mwanawe fulani, aliyezaliwa tarehe fulani, kwa fulani mwenye kitambulisho namba fulani, na kwamba huyo ana ruhusa ya kumpeleka hospitali na shule. Watie sahihi wote, na chifu agonge muhuri. Barua hiyo si amri ya korti, msije mkaitumia kama amri ya korti, lakini hospitalini na shuleni inamwondolea nyanya ile aibu ya kuulizwa yeye ni nani. Anayetaka ulezi kamili wa kisheria aende kwa ofisa wa watoto wa kaunti ndogo aelekezwe, kwa sababu Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ina taratibu zake.

Pamoja na barua, vitu hivi viwe mikononi mwa nyanya, si sandukuni: cheti cha kuzaliwa na kile kitabu cha afya ya mama na mtoto. Kitabu kinaonyesha chanjo, na chanjo za mtoto hazijui kama mama kasafiri. Kuna za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, surua ya miezi 9, na surua ya pili ya miezi 18, ambayo ndiyo wengi huisahau. Mtoto pia aandikwe katika bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, chini ya mzazi mmoja. Na kama mtoto hajafika miezi 6, jamani, huyo bado anatakiwa kunyonya maziwa ya mama peke yake. Safari ingoje.

Juu ya pesa nitasema kwa urefu kidogo, maana hapa ndipo ndugu wanapogombana. Mikataba mingi ya kazi za nyumbani Saudia niliyoiona ina riyali 900 au 1,000 kwa mwezi, yaani kama shilingi 31,000 hadi 34,000 kwa bei ya mwaka 2025. Ni pesa nzuri, lakini ina wenyewe wengi: deni la safari, karo ya wadogo, ugonjwa wa baba, na nyumba ya mawe ambayo kila mtu kijijini anaihesabu matofali. Mtoto mdogo hana sauti katika mstari huo. Kwa hiyo pesa yake itengwe, itumwe kwa M-Pesa ya yule anayelala naye, kiasi kile kile, tarehe ile ile. Pesa za nyumba ya mawe ziende kwa mwingine. Nyanya asipojua kutumia simu, afundishwe sasa, namba yake ya siri aijue yeye.

Pia mjue kwamba mwezi wa kwanza, pengine na wa pili, mara nyingi hakuna kinachofika. Anayesafiri aache gunia la mahindi na pesa kidogo za dharura. Kikundi kinaweza kusaidia hapa. Kipo kikundi kinachoweka bahasha kwa mweka hazina kwa kila mtoto wa namna hii, ya pikipiki ya usiku tu, na mama huirudishia kikundi akianza kulipwa.

Simu nayo ina mambo yake. Saa za Saudia na zetu ni zile zile. Dubai na Oman wako mbele yetu kwa saa moja. Kwa hivyo hakuna sababu ya mtoto kuamshwa saa sita za usiku azungumze huku anasinzia, isipokuwa kwamba hapo ndipo mama anapopata nafasi. Wengine wananyang'anywa simu, wengine wanapewa siku moja kwa wiki. Mwezi wa Ramadhani kazi huendelea mpaka daku, saa zote zinavurugika. Basi panga kwa uwezo ulio nao: mama arekodi sauti akiwa jikoni, hadithi fupi au wimbo wa kulalia, na nyanya amchezee mtoto jioni. Mtoto wa miaka 2 hajui Saudia ni nini. Anajua sauti. Na mnapompigia mama, msimsomee orodha ya madeni pekee. Mwambieni mtoto ameanza kusema neno gani, ameota jino gani. Yule mama anaogesha na kulisha mtoto wa mwenzake kutwa nzima, halafu anaingia chumbani peke yake. Mnafikiri anamuwaza nani?

Mtauliza: kwa nini asiende na mwanawe? Kazi ya kulala kwa mwajiri hairuhusu. Na wale waliopata mimba huko nje ya ndoa wamekwama vibaya, kwa sababu Saudia hudai cheti cha ndoa ndipo mtoto aandikishwe, na mtoto asiye na karatasi hawezi kupanda ndege. Kama mna binti katika hali hiyo, msimkatie simu kwa hasira. Kifungu cha 14 cha Katiba kinasema mtoto wa mama Mkenya ni Mkenya kwa kuzaliwa, hata akizaliwa nje ya nchi. Ubalozi wetu uko Riyadh, na pa kuanzia ni hapo.

Walio na watoto wao ng'ambo zaidi ni wa Italia. Tangu Waitaliano waanze kurusha roketi kutoka San Marco, kule ghuba ya Ngwana, mwaka 1967, Malindi imepata watalii wao, hoteli zao na wakwe zao. Msidhani mama wa huko amepumzika. Mmoja aliniambia kinachomshinda si baridi, ni kukosa jirani. Hapa kwetu mama akienda kisimani, dada wa miaka 8 anabaki na mdogo wake, na shangazi yuko ng'ambo ya ua. Kule, kumwacha peke yake mtoto wa chini ya miaka 14 kunaweza kukufikisha mahakamani. Akienda dukani anakwenda naye, akiumwa anaumwa naye. Shule ya watoto wadogo huanza miaka 3, na ya lazima miaka 6, na mtoto akishaingia humo Kiitaliano kinammeza. Wakija Agosti, hawe anamsemesha mjukuu na mjukuu anamtazama mamake amfasirie. Mama huyo sasa anamsemesha wa pili Kigiriama tangu siku ya kuzaliwa, ndani ya nyumba, hata baba asipoelewa. Mtoto mdogo anabeba lugha mbili bila shida. Nyanya asaidie kwa simu. Saa za Italia ziko nyuma yetu, mbili wakati wa baridi na moja wakati wa joto, kwa hivyo jioni yetu baada ya sima huko mtoto bado yuko macho.

Nimalizie na siku ya kurudi, kwa sababu watu huandaa pilau na kusahau mtoto. Mkataba wa kawaida ni miaka 2. Mtoto aliyeachwa na miezi 18 sasa ana miaka mitatu na nusu. Nilikuwapo nyumba moja mama aliposhuka na masanduku: mtoto alijificha ndani ya leso ya nyanyake akamwita mamake "anti". Mama akalia, akaamua mtoto alale naye usiku ule ule. Walilia wote wawili mpaka kukacha.

Mtoto aachwe kitanda chake. Mama ndiye aingie pole pole katika siku ya mtoto: amwogeshe nyanya akiwapo, amlishe, amshike mkono kwenda chekechea. Inaweza kuchukua wiki 3 au 4, pengine zaidi. Nyanya naye asimtishe mtoto kwa maneno kama "nitakurudisha kwa mamako", na wala tusisahau kwamba nyanya huyo anapokonywa mtu aliyemzoea. Na kama mama anarudi mkataba wa pili, amwage mtoto mchana, macho kwa macho. Kumtoroka akiwa amelala kunaonekana huruma, lakini mtoto akiamka akimkosa, siku nyingi baadaye hataki kulala.

Kwa mkutano ujao, kila mwanakikundi anayelala na mtoto wa aliye ng'ambo aje na kitabu cha kliniki na cheti cha kuzaliwa. Katibu aandike kwenye daftari nani hana kipi. Mtoto anayepigwa au kunyimwa chakula, pigeni 116, ni bure. Barua ile mnaweza kuiandika hapo hapo mkikaa, karatasi moja inatosha.