Jambo Moja, Mizani Mbili: Funzo Kutoka Mahkama Kuu za India

Tumeulizwa swali na ndugu mmoja katika darasa letu, na kwa kuwa tumeona jawabu lake litawafaa wengi, tumependa kuliandika hapa. Alisema: "Mtu alishitakiwa kuwa ameghushi hati ya nyumba, akaachiliwa. Kisha wenye nyumba wakamdai katika mahkama ya madai, akashindwa, akaamriwa aitoe nyumba. Jambo ni moja na mtu ni mmoja. Je, si lazima hukumu moja iwe ya uwongo?" Wakadakia waliokaa karibu naye kuwa bila ya shaka mmoja katika mahakimu wale amekula rushwa.

Rushwa ipo duniani, wala hatuikani. Lakini kumtuhumu hakimu kwa kuwa tu hatukuifahamu hukumu yake ni dhulma, na anayeizoea dhulma hii mwishowe huacha kuitafuta haki yake akasema hakuna haki. Kwa hivyo twasema waziwazi: hukumu zote mbili zaweza kuwa sahihi. Na ili jambo hili lifahamike tutatazama namna Mahkama Kuu za India zinavyokata kesi. Hatukuichagua India kwa bahati tu. Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872 ndiyo iliyotumika katika mahkama za Kenya mpaka tulipotunga sheria yetu wenyewe mwaka 1963. Basi anayesoma hukumu za huko husoma jambo lililo na nasaba na la kwetu.

Kwanza yatupasa kujua daraja zao. Mahkama Kuu za mwanzo zilisimamishwa mwaka 1862 katika miji ya Calcutta, Bombay na Madras, na leo ziko 25. Juu yao iko Mahkama ya Juu, iliyoanza mwaka 1950 pamoja na katiba ya nchi ile. Kwa kifungu cha 141 cha katiba hiyo, sheria inayotangazwa na Mahkama ya Juu huzifunga mahkama zote za India.

Kesi aghlabu huanza chini. Huko ndiko mashahidi wanakosimama wakaulizwa, na hakimu akawaona nyuso zao. Majaji wa rufani hawakumwona shahidi akibabaika wala akisita. Wao wana karatasi mbele yao. Kwa sababu hiyo hawalipindui upesi neno la hakimu aliyewasikiliza. Katika madai, rufani ya kwanza hutazama mambo yote mawili, yaani yaliyotokea na sheria yake. Amma rufani ya pili mbele ya Mahkama Kuu, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 1976, haikubaliwi ila pawepo suala kubwa la sheria. Anayekwenda huko kulalamika tu kuwa shahidi fulani alisema uwongo atarudi mikono mitupu.

Katika jinai mlango ni mpana zaidi, khaswa roho ya mtu inapokuwa hatarini. Hukumu ya kifo iliyotolewa na mahkama ya chini haitimizwi mpaka Mahkama Kuu iithibitishe, hata kama aliyehukumiwa hakukata rufani. Na mtu akiwa ameachiliwa, Mahkama ya Juu ilieleza mwaka 2007 kuwa ana ngao mbili: ya kwanza ni ile ya kila mshitakiwa, kuwa hana hatia mpaka ithibitike, na ya pili ni ile hukumu ya kumwachilia, ambayo yaitia nguvu ya kwanza.

Sasa tuje kwenye mizani zenyewe.

Mizani ya madai ilielezwa na Mahkama ya Juu mwaka 1975 katika kesi ya mume aliyetaka kutengana na mkewe kwa kudai kuwa amefanyiwa ukatili. Majaji walisema kuwa kesi ya ndoa ni ya madai, basi haitakiwi yakini kama ya jinai. Hakimu hutazama ni upande upi ulioelekea zaidi kuwa kweli, kama mwenye busara anavyopima mambo yake ya kila siku. Kwa mizani hiyo ukatili ulithibitika. Hata hivyo mume alishindwa, kwani majaji waliona kuwa baada ya mambo yale aliendelea kukaa na mkewe kama mume na mke, na kwa kufanya hivyo alikuwa amemsamehe.

Mizani ya jinai ni nzito kuliko hiyo. Mwaka 1984 ilifika mbele ya Mahkama ya Juu kesi kutoka jimbo la Maharashtra. Mke alikufa kwa sumu, na mumewe akashitakiwa kuwa amemuua. Hapakuwa na aliyeona. Palikuwa na dalili tu. Mahkama ya chini ilimhukumu kifo, na Mahkama Kuu ikaithibitisha hukumu ile. Mahkama ya Juu ilimwachilia. Majaji walisema kuwa pale ambapo hapana ila dalili, kila dalili lazima ithibitike yenyewe kwanza. Zote zielekee kwenye hatia na zisielekee pengine. Zifunge kila mlango wa maelezo mengine. Na ziungane kama mnyororo usiokatika pete hata moja. Katika kesi ile haikuthibitishwa kuwa mume alikuwa na sumu ile mkononi mwake, na yawezekana kuwa mke alijiua mwenyewe. Mlango mmoja ulibaki wazi, na mlango huo ulitosha kumwokoa.

Tazama basi: lau mizani ya 1984 ingetumika katika madai, ni wachache wangeweza kudai hata deni la kweli. Na lau mizani ya 1975 ingetumika katika jinai, watu wangenyongwa kwa dhana. Fedha aliyopewa asiye na haki yaweza kurudishwa; shingo iliyokatwa hairudi. Kwa kuwa makosa hayalingani, mizani nazo hazikulinganishwa.

Amma swali la ndugu yetu, lina jawabu lililo karibu nalo sana. Mwaka 2005 majaji 5 wa Mahkama ya Juu walikaa kwa ajili ya kesi iliyohusu wasia uliodaiwa kuwa ni wa kughushi. Miongoni mwa waliyoyaeleza ni haya: hapana kanuni inayoifanya hukumu ya mahkama ya madai iifunge ya jinai, wala ya jinai iifunge ya madai. Kila moja hukata kwa ushahidi ulioletwa mbele yake na kwa mizani yake yenyewe.

Tangu tarehe 1 Julai 2024 India imeweka sheria mpya mahali pa zile za kale za jinai na ushahidi, na ile ya mwaka 1872 imeondoka. Lakini mizani hizi mbili zimebaki.

Mwanafunzi wa fiqhi hatayaona haya kuwa ni mageni. Yeye amesoma kuwa mzigo wa ushahidi ni wa mwenye kudai, na kuwa adhabu kubwa huzuilika kwa shaka, hali haki za mali zina njia zake nyingine za kuthibitika.

Basi ndugu msomaji, chukua mambo matatu. La kwanza: ukiachiliwa katika jinai usiseme, "Sidaiwi." Huenda mali ya mwenzio bado iko mikononi mwako, na mahkama nyingine yangoja kukuuliza. La pili: ukiwa na haki usingoje rufani ikupe ushahidi ambao hukuupeleka mwanzo. Andika mapatano yako, weka mashahidi, na uyatoe yote siku ya kwanza. La tatu, nalo ndilo zito: aliyeachiliwa usimwite mwizi barazani, na aliyeshindwa katika madai usimwite mhalifu, wala hakimu usimwite mla rushwa kabla ya kujua alishika mizani ipi.