Chuo Kikuu Kinapojenga Jirani Yako: Somo kwa Mwenye Nyumba, Mpangaji na Mfanyabiashara

Mtaa unaopakana na chuo kikuu huanza kubadilika muda mrefu kabla ya tingatinga kufika. Wapima ardhi huonekana, madalali huanza kugonga milango, kodi ya pango hupanda, na kila kijiwe huwa na habari zake. Katika kipindi hicho wananchi wengi hutia saini karatasi wasizozielewa, au huendelea kuishi bila karatasi yoyote. Katika somo hili tunaeleza namna miradi ya aina hii inavyofanyika, haki ambazo sheria za Tanzania zinampa mlaji, na kumbukumbu ambazo kila mmoja anapaswa kuwa nazo kabla mradi haujatangazwa.

Njia tatu za kupata ardhi

Chuo kikuu kinaweza kuendeleza eneo kwa njia tatu, na haki zako hutegemea ni ipi inayotumika.

Njia ya kwanza ni kujenga juu ya ardhi ambayo tayari ni ya chuo. Mfano unaofahamika zaidi ni Mlimani City, katika Barabara ya Sam Nujoma, Dar es Salaam. Kituo hicho kilichofunguliwa mwaka 2006 kimejengwa juu ya ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo mwekezaji kutoka Botswana ameikodi kwa miaka 50. Katika mpango kama huu ardhi hubaki kuwa ya chuo, mwekezaji huwa mpangaji, na mwenye duka huwa mpangaji wa mpangaji.

Njia ya pili ni kununua kwa hiari. Hapa chuo, au mtu anayenunua kwa niaba yake, ni mnunuzi kama wanunuzi wengine. Unaweza kukubali bei, kuikataa, au kutaka masharti mengine.

Njia ya tatu ni utwaaji wa ardhi kwa manufaa ya umma. Chini ya Sheria ya Utwaaji wa Ardhi ya mwaka 1967, mwenye mamlaka ya kutwaa ni Rais. Chuo chenyewe hakina uwezo wa kumwondoa mtu katika nyumba yake kwa barua ya ofisi yake. Kwa hiyo, mtu akikujia na kukuambia kwamba eneo lako "limeshachukuliwa", muulize limechukuliwa kwa tangazo lipi na la tarehe gani, kisha uthibitishe katika ofisi ya ardhi ya halmashauri yako.

Fidia hujumuisha nini?

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Kanuni za mwaka 2001 zinafafanua vipengele vyake: thamani ya ardhi na maendelezo yaliyofanywa juu yake, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi na fidia ya upotevu wa faida. Fidia isipolipwa ndani ya miezi sita, mdai anastahili riba.

Vipengele viwili vya mwisho ndivyo ambavyo wananchi wengi huvipoteza kwa kukosa ushahidi. Posho ya makazi hukokotolewa kwa kuchukua kodi ya soko ya nyumba kwa mwezi na kuizidisha kwa miezi 36. Upotevu wa faida hukokotolewa kwa kuchukua faida halisi ya biashara kwa mwezi na kuizidisha pia kwa miezi 36.

Tuchukue mfano wa mwenye nyumba anayeishi katika nyumba yake na kuendesha duka la rejareja kwenye fremu ya mbele. Kama nyumba hiyo ingepangishwa kwa shilingi 150,000 kwa mwezi, posho ya makazi ni 150,000 × 36, sawa na shilingi 5,400,000. Kama duka linampa faida halisi ya shilingi 300,000 kwa mwezi, fidia ya upotevu wa faida ni 300,000 × 36, sawa na shilingi 10,800,000. Kiasi hiki cha pili ni mara mbili ya kile cha kwanza, lakini mthamini hataweza kukiandika kwa kusikia maneno ya mdomo. Atauliza hesabu za biashara, leseni, risiti na kumbukumbu za kodi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Ieleweke pia kwamba posho za usafiri na makazi, pamoja na fidia ya faida, hazilipwi kwa ardhi isiyokaliwa na mtu. Mwenye kiwanja kitupu asifanye hesabu zake kwa kumtazama jirani mwenye nyumba.

Kabla ya kuuza kwa hiari

Katika mauzo ya hiari, kanuni za fidia hazimlazimishi mnunuzi kulipa kila kipengele tulichokitaja. Hata hivyo, hakuna kinachokuzuia kuzitumia kama kipimo chako. Mnunuzi akikutajia bei ya nyumba peke yake, jiulize: gharama za kuhama zimo? Miezi utakayokaa bila biashara imehesabiwa? Tafuta mthamini aliyesajiliwa, asiyelipwa na mnunuzi, akupe thamani kwa maandishi. Usipokee malipo ya awali wala kukabidhi nyaraka zako halisi kabla ya mkataba kuandikwa na kusainiwa. Kama wewe na mwenza wako mnaishi katika nyumba hiyo, mshirikishe tangu mwanzo, kwa kuwa nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa yake.

Mpangaji yuko wapi?

Mpangaji hawezi kudai fidia ya nyumba isiyokuwa yake. Kinga yake kubwa ni mkataba wa pango. Pale ambapo mkataba hautaji muda wala notisi, Sheria ya Ardhi huuhesabu kuwa wa vipindi vinavyofuata malipo ya kodi, na notisi ya kuusitisha haipaswi kuwa fupi kuliko kipindi hicho. Anayelipa kwa mwezi anaweza basi kupewa notisi ya mwezi mmoja tu, hata kama ameishi hapo miaka kumi. Mwenye mkataba wa maandishi wa miaka miwili yuko katika nafasi tofauti kabisa.

Tunashauri mpangaji aombe mambo matatu yaandikwe: muda wa mkataba, urefu wa notisi, na kurudishiwa kodi aliyolipa mbele endapo nyumba itauzwa au kutwaliwa. Sharti la tatu ni muhimu hasa kwa wanafunzi wanaolipa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo.

Ahadi za ajira na maendeleo

Miradi ya vyuo huambatana na ahadi: ajira kwa vijana wa mtaa, zahanati, barabara, nafasi za biashara. Jijini New York, Chuo Kikuu cha Columbia kilipanga kujenga katika eneo la ekari 17 huko Manhattanville, magharibi mwa Harlem. Mwaka 2009 ahadi zake kwa jamii ziliingizwa katika mkataba wa maandishi wenye thamani ya dola milioni 150. Mwaka uliofuata, mahakama ya juu ya jimbo iliruhusu utwaaji wa mali za wamiliki waliokataa kuuza. Waliopinga walishindwa kuuzuia mradi, lakini jamii ilibaki na hati inayotaja kiasi na wajibu. Kamati ya mtaa wako nayo inaweza kudai kwamba ahadi zilizotolewa mkutanoni ziandikwe, zisainiwe na mwenye mamlaka, na nakala ibaki katika ofisi ya serikali ya mtaa.

Anayenunua au kukodi ndani ya mradi mpya

Kabla ya kulipia fremu au nyumba katika jengo jipya, fanya upekuzi katika ofisi ya msajili wa hati ili ujue nani ni mmiliki. Kama muuzaji mwenyewe ni mpangaji wa chuo, uliza miaka mingapi imebaki katika mkataba wake, kwa sababu hawezi kukupa muda mrefu kuliko alio nao yeye. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza matangazo ya kupotosha. Tunza vipeperushi na ujumbe wote uliotumiwa, kwani ndio ushahidi wako.

Anayekopa ili ajenge vyumba vya wanafunzi naye aulize mipango ya chuo. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua hosteli zenye uwezo wa kuchukua wanafunzi 3,840. Wanafunzi wengi namna hiyo wakipata vitanda ndani ya chuo, mwenye vyumba nje anaweza kubaki na marejesho ya benki bila wapangaji.

Mgogoro ukitokea

Anza na serikali ya mtaa, kisha Baraza la Kata, ambalo kazi yake sasa ni kusuluhisha. Usuluhishi usipofanikiwa ndani ya siku 30, shauri laweza kupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Andika malalamiko yako kwa barua, na udai nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.

Maswali ya kujipima

1. Je, nyaraka za umiliki au mkataba wangu wa pango uko wapi, na nina nakala iliyohifadhiwa nje ya nyumba?
2. Leo mthamini akifika, ninaweza kumwonyesha faida ya biashara yangu kwa maandishi?
3. Mkataba wangu unanipa notisi ya muda gani?
4. Ni ahadi ipi niliyoisikia ambayo haijaandikwa popote?

Asiyeweza kujibu mojawapo ya maswali haya ana kazi ya kufanya wiki hii, wakati mtaa bado umetulia.