Jinsi Waogeleaji Hodari Wanavyokata Maji

Mtu aliyezaliwa Kitui au Makueni huujua mto kwanza kama njia ya mchanga. Kwa miezi mingi mito kama Enziu, Tiva na Kaiti haina maji ya kuonekana. Watoto huivuka kwa miguu wakienda shuleni, na akina mama huchimba mchanga wake wapate maji ya kunywa. Kisha mvua hunyesha mbali, na kwa muda wa saa chache njia ile hugeuka kuwa mto mkali. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililokuwa likipeleka watu arusini lilizama katika mto Enziu, karibu na Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Mbele ya maji ya namna hiyo ustadi wa kuogelea haufai kitu. Hapana budi kungoja ukingoni hata yapungue, ijapokuwa safari itachelewa.

Lakini si kila anayezama huzama katika mafuriko. Wako wanaoteleza katika silanga wakichota maji au wakinywesha ng'ombe, nao hufa mahali palipo mita chache tu kutoka nchi kavu. Mtu kama huyo huenda angeokoka kama angejua kulala juu ya maji na kwenda mbele kidogo. Kwa ajili yake tutazame jinsi waogeleaji walio hodari kupita wote wafanyavyo, kwa maana siri yao si nguvu kama wengi wadhanivyo.

Katika mashindano yaitwayo mtindo huru, sheria yampa mwogeleaji ruhusa ya kuogelea vyovyote apendavyo. Hata hivyo wote huchagua namna moja, yaani kulala kifudifudi, kupeleka mkono mmoja mbele baada ya mwingine, na kupigapiga miguu. Mwaka 1922 Mmarekani Johnny Weissmuller alikuwa mtu wa kwanza kuogelea mita 100 kwa muda usiofika dakika moja. Alitumia sekunde 58.6. Mwaka 2024, katika Olimpiki ya Paris, Mchina Pan Zhanle alitumia sekunde 46.40. Mikono ya binadamu haikurefuka katika miaka hiyo 102. Mazoezi yameongezeka na mabwawa yamekuwa bora, ni kweli, lakini pia watu wamefahamu zaidi jinsi maji yanavyomzuia mtu.

Maji ni mazito kuliko hewa kadiri ya mara 800. Tena mtu akitaka kwenda kwa mwendo mara mbili, maji humzuia kadiri ya mara nne. Kwa hiyo anayepigana na maji kwa nguvu tupu huchoka upesi, na anayejifanya mwembamba ndani yake hupita. Hapa ndipo penye kosa la watu wengi wanaojifunza wenyewe katika silanga: huinua kichwa juu wapate kuona na kupumua. Mwili wa mtu majini ni kama ubao wa pembea; mapafu yenye hewa huelea, na miguu ni mizito. Ukiinua kichwa, miguu yazama, nawe wawa kama mtu anayekokota gunia nyuma yake. Weissmuller mwenyewe aliogelea kichwa na kifua vikiwa juu, lakini yeye alikuwa na nguvu za ajabu, na si mfano wa kuigwa na mwanafunzi. Hodari wa siku hizi hulaza uso majini na kutazama chini, shingo ikiwa imelegea.

Basi atapumuaje? Hutoa pumzi polepole uso ukiwa ndani ya maji, kisha huugeuza mwili wote upande, na kichwa hufuata. Kichwa kinapopasua maji huacha kibonde kidogo kando ya mdomo, na humo ndimo avutamo hewa, jicho moja likiwa bado majini.

Kazi ya mkono yafanana na kazi ya jembe. Mkulima hulitia jembe liume kwanza, ndipo alivute. Vivyo hivyo mwogeleaji hunyosha mkono mbele, kisha huinamisha kiganja na kigasha vielekee chini huku kiwiko kikibaki juu, ndipo asukume maji nyuma hata kufikia nyonga. Anayetangulia kushusha kiwiko husukuma maji chini, wala haendi mbele. Miguu hupigwa kutoka nyongani, si magotini. Katika mbio fupi hupigwa mara sita kwa kila mzunguko wa mikono miwili. Katika mbio ndefu wengi hupiga mara mbili tu, kuweka akiba ya nguvu.

Walimu wasishikilie mno umbo moja. Mmarekani Katie Ledecky, aliyeshinda mita 800 katika Olimpiki nne mfululizo tangu 2012 hata 2024, huogelea kwa kuegemea upande mmoja kama farasi aendaye shoti. Nasi Kenya tuna wetu: Jason Dunford alikuwa wa tano katika fainali ya mita 100 za mtindo wa kipepeo huko Beijing mwaka 2008, na Emily Muteti aliogelea mita 50 za mtindo huru katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021.

Mahali pa kujifunzia pachaguliwe kwa uangalifu. Athi na Tana zina mamba. Maji yaliyotuama yenye konokono huweza kuleta kichocho, na silanga lenye matope huwa na ukingo unaoporomoka ghafula. Bwawa la kuogelea ni bora, likiwapo. Maji yasipite kiuno, na awepo mtu mzima ajuaye kuogelea, mwenye kamba au mti mrefu mkononi.

Sehemu kubwa ya somo hili, hata hivyo, haihitaji bwawa. Laza benchi uani, ulale juu yake kifudifudi, miguu na mikono ikining'inia hewani, na mbele yako uweke karai la maji. Tia uso majini, toa pumzi huku ukihesabu hata nne, geuza uso upande, vuta hewa, urudi. Mtoto awezaye kufanya hivyo mara ishirini bila ya kukohoa yu tayari kupelekwa majini.