Tangazo la Kazi: Jiulize Nani Analipa Kabla Hujatuma Maombi

Tuseme tangazo hili limeingia kwenye grupu lenu la WhatsApp hapo Lunga Lunga: “Wanatafutwa wahudumu 15, hoteli ya Diani. Mshahara hadi 30,000. Majaribio kwanza. Lete vyeti vyote. Tuma 1,500 ya unifomu tukuwekee nafasi.”

Ni mfano tu, lakini umeshaona mengi ya aina hii. Kabla ya kutuma maombi, lisome mstari kwa mstari ukijiuliza swali moja: hapa nani analipa?

“Hadi 30,000”
Hiyo ni juu kabisa, si pa kuanzia. Uliza mshahara wa kuanzia ni ngapi. Na hata ukipewa 30,000 kamili, si zote zitaingia mfukoni. Bima ya afya ya SHA ni asilimia 2.75, yaani 825. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, yaani 450. Bado NSSF, na pengine kodi ya mapato.

Kwa kazi za hoteli uliza pia: wageni wakipungua kati ya Aprili na Juni, mnabaki kazini au mnarudishwa nyumbani bila malipo?

“Majaribio kwanza”
Majaribio ni kazi, na kazi hulipwa. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema yasizidi miezi 6. Yanaweza kuongezwa ukikubali, lakini jumla isipite miezi 12. Ukiambiwa “fanya mwezi mmoja bure tukuone”, basi anayelipa hapo ni wewe.

“Lete vyeti vyote”
Cheti cha tabia njema na vingine kama hicho hugharimu pesa na nauli. Tangu sheria irekebishwe 2022, mwajiri hafai kukudai vyeti hivyo kama hana nia ya kukupa mkataba wa maandishi. Kwa hivyo usikimbilie kulipia kabla hujapewa kazi.

“Tuma 1,500”
Simama hapo hapo. Mshahara hutoka kwa mwajiri kuja kwako. Ukiombwa pesa ya unifomu, ya fomu au ya kuwekewa nafasi, tena kwa namba ya mtu binafsi, usitume. Pesa ikishatolewa na mpokeaji, kuirudisha ni shida kubwa, hata ukitupigia haraka. Na PIN yako ya pesa za simu haihitajiki kwa kazi yoyote.

Kama ni kazi ya Saudia au Qatar, hakikisha kwanza kwamba ajensi imesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA.

Na kazi ya duka la pesa za simu?
Matangazo haya ni mengi, hasa karibu na mpaka. Likisema “kamisheni”, uliza kama kuna mshahara wa msingi, maana siku ya wateja wachache unaweza kurudi nyumbani mikono mitupu. Kisha uliza kuhusu floti: ikipungua, nani analipa? Sheria inamruhusu mwajiri kukukata kama mkataba umekukabidhi pesa na upungufu umetokana na uzembe au udanganyifu wako. Haimaanishi kila hasara ya duka ni yako. Hesabu floti ukiingia na ukitoka, andika, na wote wawili muweke sahihi.

Tuma ujumbe huu kwanza
“Habari. Nimeona tangazo lenu. Naomba kujua jina la kampuni, mahali pa kazi, mshahara wa kuanzia na kama kuna mkataba wa maandishi. Asante.”

Kazi ya miezi 3 au zaidi inafaa kuwa na mkataba wa maandishi kisheria, kwa hivyo hujauliza kitu cha ajabu. Anayekujibu vizuri, mtumie maombi. Anayekukasirikia, au kukujibu kwa kukupa namba ya kutumia pesa, achana naye. Afadhali hiyo 1,500 iwe nauli yako ya kwenda Ukunda kwa usaili wa kweli.