Suluhu na Adhabu: Mfano wa Lamu

Mwanafunzi wa sheria ya jinai huzoea kuuliza kosa ni lipi na adhabu yake ni ipi. Mtazamo wa suluhu huuliza aliyeumia ni nani, na atafidiwaje. Tuchukue mvuvi wa Lamu aliyempiga mwenzake gatini. Akifungwa, majeruhi hubaki na gharama za matibabu, na kesho watakutana msikitini. Kifungu cha 176 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai ya Kenya huiruhusu mahakama kuwapatanisha kwa fidia katika shambulio la kawaida na kuikomesha kesi. Katiba ya 2010, ibara ya 159, yahimiza upatanisho, mradi haki za binadamu zisivunjwe. Basi majeruhi akishurutishwa na wazee kusamehe, hiyo si suluhu. Ni dhuluma ya pili.