Nani Aliiba Maji ya Bweni? Somo Linaloanza na Tatizo

Leo ningependa tuzungumzie njia ya kujifunza ambayo ni kinyume cha mazoea yetu. Sisi tumezoea hivi: mwalimu anaingia, anaeleza kanuni, tunanakili, kisha swali linakuja mwisho wa mada. Katika njia hii swali ndilo linalotangulia. Mwanafunzi hupewa tatizo kabla ya kufunzwa lolote, naye hutafuta yale anayopaswa kujua ili alitatue.

Si jambo la kubuni. Chuo Kikuu cha McMaster huko Kanada kilianza kuwafunza madaktari hivyo mwaka 1969. Maastricht, Uholanzi, wakafuata mwaka 1974, na hapa kwetu Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kiliwapokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka 1990 kwa njia iyo hiyo. Kule Maastricht hatua ni saba: kueleza maneno yasiyofahamika, kulitaja tatizo lenyewe, kutoa mawazo yote, kuyapanga, kuamua mnachokosa kujua, kila mtu kwenda kukitafuta, kisha kurudi kuelezana. Wengi wetu huruka hatua ya tano. Hata sisi tuliiruka, na nusura tumwumize mtu.

Ilikuwa muhula wa pili mwaka 2024, nikiwa Kidato cha Tatu. Tangi la bweni letu ni la lita 10,000, na lori la maji huja kila baada ya wiki tatu. Ghafla tangi likawa linakauka siku ya tisa! Tukaanza kubeba ndoo kutoka mtoni alfajiri na kuchelewa masomo ya asubuhi. Basi maneno yakazuka: ati wa bweni la pili wanatuibia usiku. Mtoto mmoja wa Kidato cha Kwanza alikutwa na ndoo karibu na tangi, akazingirwa. Kama mwalimu wa zamu hangetokea, sijui.

Jumatano iliyofuata mlezi wetu aliliandika jambo hilo ubaoni: "Maji yanaenda wapi?" Kisha akaketi nyuma, kimya. Tulingoja aseme. Wapi! Ilikuwa siku ya Kiswahili, kwa hivyo hata lita na sekunde ilibidi tuzijadili kwa Kiswahili (jaribu uone).

Robo saa nzima tulipiga kelele juu ya wezi. Ndipo mwenzetu mmoja, ambaye darasani huwa haongei kabisa, akauliza: "Kwani sisi wenyewe tunatumia kiasi gani?" Hakuna aliyejua. Hapo ndipo somo lilipoanza.

Tulihesabu. Tuko 48, na kila mtu hupewa ndoo moja ya lita 10 kwa siku. Hizo ni lita 480. Ukigawanya 10,000 kwa 480 unapata siku 20 na ushei. Lakini kwa siku tisa, lita zinazotoka ni kama 1,111 kila siku. Toa 480, zinabaki 631. Hizo ni ndoo 63! Mwizi gani huyo wa kubeba ndoo 63 kila usiku bila kuonekana hata na mlinzi?

Tuligawana kazi. Wengine walikagua tangi kama lina ufa, wengine wakafuata bomba. Nyuma ya bweni, juu ya mtaro wenye nyasi ndefu, tukaukuta mfereji uliofungwa vizuri lakini ukitoa maji membamba kama uzi. Tulikinga kikombe cha nusu lita, kikajaa kwa sekunde 68. Piga hesabu ya siku nzima: lita 635. Mwizi alikuwa kipande cha mpira kilicholika ndani ya mfereji.

Sitaficha kwamba baadhi ya wenzangu walinung'unika. Walisema tumepoteza vipindi viwili kwa jambo ambalo fundi angelisema kwa dakika tano, na mtihani hauulizi habari za mifereji. Wana haki kiasi fulani, maana njia hii ni ya polepole na silabasi ni ndefu. Lakini mtaala wa umilisi, ulioanza kufanyiwa majaribio mwaka 2017, unataka kuwaza kwa kina, mawasiliano na ushirikiano. Sijui stadi hizo mtu atazinakili kutoka ubao gani. Tena fundi hangetufanya tumwombe radhi yule mtoto. Tulimwomba, bweni zima, na akatukubalia kwa shingo upande.

Mpira mpya ukatiwa, lori likaja, nasi tukaanza kuhesabu siku kwa chaki ukutani. Tangi lilikauka siku ya kumi na tisa. Tulishangilia kweli. Mlezi alisoma zile alama, akachukua chaki, akaandika chini yake: "Na siku iliyobaki imeenda wapi?" Kisha akaenda zake.